Mbwa wa Kiganjani: Daftari la Safari

Katika miji mikubwa niliyopita miaka ya karibuni nimekutana na mbwa wa aina moja: mdogo kiasi cha kukaa kiganjani, na bei yake inapanda kadiri uzito wake unavyoshuka. Wauzaji humwita mbwa wa kikombe cha chai. Wapo wanaompenda kwa dhati, na wapo wanaosema kumzalisha ni ukatili mtupu. Nimeandika humu niliyoyaona na kuyasikia pande zote mbili, kwa kuwa biashara hiyo imeshabisha hodi kwetu, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.

Mexico City

Katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia wamewekwa mbwa wa udongo wa kuchoma kutoka Colima, waliofinyangwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita na kuzikwa pamoja na wafu. Miguu yao ni mifupi na matumbo yao ni ya mviringo, lakini wana kifua kipana na shingo nene. Aliyewafinyanga alimjua mbwa mdogo mwenye afya.

Mbwa mdogo wa Mexico wa leo, Chihuahua, amepata jina kutoka jimbo la kaskazini mwa nchi. Mwishoni mwa karne ya 19 wasafiri wa Marekani waliwanunua mbwa hao mpakani na kuondoka nao, na mwaka 1908 American Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa cha Marekani, kikamwandikisha wa kwanza. Kanuni za chama hicho zinasema Chihuahua asizidi takriban kilo 2.7. Juu wameweka dari, ila chini hawakuweka sakafu, na wauzaji wamepenya hapohapo. Chama hakimtambui mbwa wa kikombe, lakini pia hakuna mstari unaosema udogo huu sasa basi.

Mfugaji mmoja alinikaribisha nyumbani kwake nje kidogo ya jiji. Alimpakata mbwa mzima wa chini ya kilo moja na nusu, akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya kichwa cha mbwa huyo. Chini ya manyoya nilihisi utosi laini, ukubwa wa ncha ya kidole, ambao haukufunga. Akanieleza kwamba Chihuahua wengi huzaliwa hivyo, na kwamba mbwa anaweza kuishi vizuri na utosi mdogo wa namna hiyo. Hofu yake ni kwa wale wenye utosi mpana na kichwa kilichovimba kama puto, ambao baadhi yao wana maji kwenye ubongo.

Kisha akaniambia jinsi wadogo kupindukia wanavyopatikana. Jike wa kilo moja ni hatari kumpandisha: nyonga zake ni nyembamba, vichwa vya watoto ni vikubwa, na mara nyingi huishia kwenye kisu cha daktari. Kwa hiyo wengi huchukua dume mdogo wakampandisha jike mkubwa zaidi, wakasubiri atakayezaliwa mdogo kuliko nduguze. Zamani mtoto huyo dhaifu alitolewa bure kwa jirani, na leo ndiye wa bei ya juu kuliko wote. Wapo pia wanaompunguzia mtoto chakula asikue, au wanaodanganya umri ili wa wiki tano aonekane mdogo wa wiki nane. Mwenyeji wangu alilieleza hili kwa hasira. Yeye hampandishi jike yeyote aliye chini ya kilo mbili.

Seoul

Rekodi ya dunia ya udogo, inayopimwa kwa kimo, iliwahi kushikwa na Milly, Chihuahua wa Puerto Rico, mwenye kimo cha sentimita 9.65. Sasa inashikwa na Pearl wa Florida, mzawa wa ukoo huohuo, mwenye sentimita 9.14. Maabara ya Sooam ya Korea Kusini ilitengeneza nakala 49 za Milly kutokana na chembe zake. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuiona Seoul.

Mtaa wa Chungmuro umejulikana kwa miaka mingi kwa maduka ya wanyama. Niliona watoto wa mbwa wamelala nyuma ya vioo, kila mmoja kwenye kisanduku chake, chini ya taa kali. Mama zao hawakuwapo. Nilipouliza walipo, muuzaji alisema wako shambani, akahamia kwenye habari ya bei.

Yapo ya kusemwa kwa upande wa wanunuzi, na nisipoyaandika nitakuwa sijawatendea haki. Dada mmoja aliyekuwa akimsukuma mbwa wake wa aina ya Maltese kwenye kigari alinisimulia maisha yake: chumba kimoja ghorofani, kazi hadi usiku, wazazi mji mwingine. Mbwa mkubwa angemfunga humo kwa mateso, alisema, ila huyu mdogo chumba kinamtosha, na ndiye anayempokea mlangoni kila siku. Sikuona majivuno kwake, niliona upendo. Lakini mbwa yule alikuwa na chuma mguuni. Aliruka kutoka kwenye kochi, mguu wa mbele ukavunjika, maana mfupa wenyewe haukuwa mnene kuliko penseli. Kabla ya hapo, alipokuwa mdogo, aliponea chupuchupu: alikosa chakula kwa saa chache, sukari ikashuka mwilini, akatetemeka na kuanguka. Tangu siku hiyo dada huyo hatoki bila asali ya kumpaka kwenye ufizi.

Kumpenda mbwa hakutoshi kumlinda na mwili aliopangiwa na mzalishaji kabla hajazaliwa. Anayelipa kila siku ni mnyama na mwenye kumpenda, na aliyepanga ameshapokea fedha zake.

Oslo

Norway suala hili limefika mahakamani. Shirika la kutetea wanyama liliwashtaki wafugaji wa Cavalier King Charles, mbwa wa mapajani ambaye si mdogo kupindukia, lakini amezalishwa kwa kufuata sura kiasi kwamba fuvu la wengi wao ni finyu kwa ubongo, na maradhi ya moyo yameenea katika ukoo. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilisema uzalishaji huo unavunja sheria ya ustawi wa wanyama, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi ikaafiki. Haikusema mbwa hao watoweke. Iliacha njia ya kuwachanganya na mbwa wengine kwa mpango wa kitaalamu ili damu ipate nguvu. Ujerumani nako, kifungu cha 11b cha sheria ya wanyama kinakataza kuzalisha mnyama pale inapotarajiwa kwamba watoto watateseka kwa maumbile yao.

Wafugaji niliozungumza nao Oslo waliumia. Walisema wamewatunza mbwa hao maisha yao yote na sasa wanaitwa wakatili. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Utunzaji mwema ndani ya nyumba hauondoi maumivu yaliyomo ndani ya fuvu.

Huddersfield

Yorkshire, England, nilikwenda kumtafuta mbwa mdogo mwenye kazi. Wafumaji wa Scotland waliokuja kutafuta ajira kwenye viwanda vya nguo walikuja na mbwa wao wa kuua panya, na huko ndiko alikozaliwa, mwaka 1865, Huddersfield Ben, anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo wa Yorkshire Terrier. Udogo wa mbwa hawa ulikuwa na maana, kwani ilibidi waingie pale panya anapoingia. Hata Smoky, Yorkshire Terrier wa kilo 1.8 aliyekuwa na wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, aliburuta waya wa simu ndani ya bomba lenye urefu wa mita 21 hivi chini ya uwanja wa ndege wa Lingayen, Ufilipino, mwaka 1945. Alikuwa mdogo sana, na mwili wake ulimtosha kwa kazi hiyo.

Bibi mmoja mfugaji alinipokea sebuleni kwake. Jike wake alishuka kitini mwenyewe, akala, akatoka uani kwenye baridi, akarudi na tope miguuni. Kipimo cha bibi huyu ni kifupi: jike asiyeweza kuzaa na kunyonyesha mwenyewe hazalishwi, hata akiwa mzuri namna gani. Sheria ya huko inamuunga mkono. Tangu Aprili 2020, kwa sheria inayoitwa ya Lucy, kutokana na Cavalier aliyeokolewa katika shamba la kuzalishia mbwa, dukani England hauzwi tena mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Mnunuzi huenda kwa mfugaji mwenyewe, akamwona mtoto akiwa na mama yake pale alipozaliwa.

Nairobi

Nyumbani nimeonyeshwa picha kwenye simu: mtoto wa mbwa ameketi kando ya kikombe, na chini yake namba ya muuzaji. Mama haonekani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na picha hizi zinajitembeza kila siku.

Sina neno na mbwa mdogo. Mwenye nyumba ndogo, mzee anayeishi peke yake, mtu asiye na uwanja, wote wana haki ya rafiki wa kilo tatu. Ninachokikataa ni kumshusha mnyama chini ya kimo ambacho mwili wake unaweza kuzaa, kujipasha joto na kukaa na njaa ya nusu siku. Basi ukitaka kununua, usianze na bei. Mwambie muuzaji unataka kumwona mama, umwone akisimama na kutembea, uulize uzito wake na kama alizaa mwenyewe au kwa upasuaji. Kisha mpeleke mtoto kwa daktari wa mifugo amkague utosi, magoti na moyo kabla hujatoa hata shilingi. Mfugaji mwaminifu atafurahi kuulizwa hivyo. Akikwepa, ondoka mikono mitupu, kwa sababu kila mtoto unayemnunua kwa huruma unamwagizia muuzaji amzalishe mwingine.