Chini ya waya, hadi Mwadingusha

Baba yangu alifanya kazi Shituru, kiwanda cha Likasi kinachosafisha shaba kwa umeme tangu mwaka 1929. Alisimamia mabeseni ya asidi, ambamo shaba hugandamana kwenye mabamba polepole mpaka bamba liwe nene la kutosha kunyanyuliwa, ilimradi umeme usikatike. Mashati yake yote yalikuwa na vitobo mikononi. Mwaka 1974, wakati wa baridi, alipata likizo akasema anakwenda Mwadingusha kumtembelea shemeji yake, tena kwa baiskeli, na mimi nifuatane naye. Majirani walishangaa: mbona msichana, na kaka zake wapo? Alijibu kwamba mimi ndiye ninayeuliza maswali.

Nilipanda baiskeli ya kaka yangu. Asubuhi za Julai Katanga ni za baridi kali. Vidole vilikufa ganzi kwenye usukani mpaka jua lilipopanda. Tulipishana na wauza makaa wakisukuma baiskeli zao kuelekea mjini, magunia yakiwa yamewapita vichwa. Vichuguu virefu kama nyumba vilisimama kati ya miti, na nyasi zilizochomwa zilituachia masizi miguuni.

Kwenye daraja la mto Lufira Baba alishuka. Alikuwa Jadotville, jina la Likasi wakati wa Wabelgiji, mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa mjini na majeshi ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Walikuwa kama 150, chini ya kamanda Pat Quinlan. Wenzao waliotoka Élisabethville kuwaokoa walikwama hapa, darajani. Risasi na maji vilipowaishia waliozingirwa, walijisalimisha. Daraja lenyewe lilivunjwa vita ilipokaribia kwisha, na jeshi la Umoja wa Mataifa likaingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963. Nilimuuliza yeye alikuwa wapi siku zile. «Chini ya kitanda, na wewe tumboni mwa mama yako,» alisema, akapanda tena baiskeli. Hakuniambia zaidi siku ile wala baadaye, na hilo bado linaniuma, kwa kuwa aliyaona mengi.

Kutoka Kapolowe tulifuata vijia vya wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Hapo nilipapenda kuliko pote. Mafunjo yalijaa ukingoni, ndege wakiruka kwa makundi, na kila kijiji kilikuwa na vichanja vya samaki juu ya moshi. Jioni moja mzee mmoja alitukaribisha bukari, yaani ugali, na samaki wabichi. Baba alimuuliza ziwa lina umri gani. Mzee alinyoosha mkono kuelekea majini, akasema alichunga mbuzi pale akiwa mtoto.

Ndipo nilipojua kwamba ziwa lile limetengenezwa. Kampuni ya machimbo, Union Minière, ilihitaji umeme kwa ajili ya shaba, ikaufunga mto Lufira juu ya maporomoko, na mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha ilikuwa inazunguka. Bonde lote likafunikwa na maji. Baba alikuwa ameutumia umeme ule tangu ujana wake, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu waliohama ili aupate. Alimshukuru mzee kwa chakula mara nyingi kuliko desturi. Waya mkubwa wa umeme ulipita juu ya nyua za kijiji, nasi tulikula kwa mwanga wa moto wa kuni.

Mwadingusha mjomba, yule shemeji wa Baba, alitupokea katika nyumba za wafanyakazi. Alituonyesha, kutoka nje ya uzio, mabomba makubwa yakishuka bondeni kuelekea mitambo sita. Maporomoko yenyewe Wabelgiji waliyaita ya Cornet, kwa jina la mwanajiolojia wao aliyepima shaba ya Katanga mwaka 1892. Kituo hiki walikipa jina la Francqui, na cha Koni, kilicho chini kidogo mtoni, la Bia. Wote watatu walikuwa katika msafara mmoja, uliofika Bunkeya, makao ya Mwami M'siri, wiki chache baada ya mfalme huyo kuuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mjomba alifurahi kwamba majina yale yameondoka. Mimi pia, mpaka leo.

Usiku Baba na mjomba walizungumza kazi. Mjomba hakuwahi kuona bamba la shaba likitolewa kwenye asidi; Baba hakuwahi kujua kwa nini umeme hulegea mwishoni mwa kiangazi, ziwa linapopungua. Walichora kwa kijiti kwenye vumbi, mmoja ziwa, mwingine mabeseni, na kati yao mstari mrefu wa waya. Nilikaa baina yao nikiuliza, na hakuna aliyenituma kulala.

Wote wawili wamefariki. Mitambo ya Mwadingusha imekarabatiwa upya, kazi ikakamilika mwaka 2021, na umeme wake sasa unakwenda mpaka Kamoa-Kakula, machimbo ya shaba karibu na Kolwezi. Nimewasimulia wajukuu habari za yule mzee wa ziwani, na nimewaambia waziwazi: watu wa Tshangalele walitoa ardhi yao kabla hata ya uhuru. Wanadai taa majumbani mwao, nami nadai pamoja nao.