Ndakala Mbichi Hawana Subira

Nilizaliwa kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Mama yangu aliuza ndakala. Alfajiri wavuvi waliporudi, alinunua vikapu viwili vitatu, akaketi mchangani kumngojea mchuuzi mwenye kamyo. Mchuuzi yule alifika mapema, lakini hakununua mapema. Alikaa chini ya mwembe akivuta tumbako mpaka jua lipande. Saa nne bei ilikuwa imeshuka nusu. Mama alipokea alichopewa, tena akasema asante. Ile asante ilinichoma moyo kuliko hasara yenyewe.

Nimeikumbuka nilipokuwa nikisoma habari za Islandi, kisiwa cha baridi kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1952 watu wake walikuwa 150,000 hivi tu, na karibu mali yote waliyouza nchi za nje ilikuwa samaki. Jirani yao mkubwa ng'ambo ya bahari ni Uingereza, na meli za Waingereza zilikuwa zikikokota nyavu karibu na pwani yao, hata samaki wakaanza kupungua. Basi mwaka ule serikali ya Islandi ikatangaza kwamba ndani ya maili 4 za bahari hakuna ruhusa ya kukokota nyavu, wala kwa mgeni wala kwa mwenyeji.

Wenye meli wa Hull na Grimsby walikasirika sana. Vyombo vya kushushia samaki bandarini vilikuwa mikononi mwao, nao wakakataa samaki wa Islandi wasishushwe. Angalia, ndugu msomaji: serikali ya Uingereza haikutoa sheria yo yote, matajiri peke yao walitosha. Mwaka 1953 mfanya biashara wa London, George Dawson, alijaribu kununua samaki hao na kuwauza, lakini hakufika mbali. Nako Uingereza ndiko kulikokuwa soko kubwa la samaki wabichi wa Islandi. Mchuuzi alikuwa amekwisha kukaa chini ya mwembe wake, akingoja.

Ila safari hii samaki hawakuoza. Watu wa Islandi walizidi kuwakata na kuwagandisha katika viwanda, wengine wakawakausha. Samaki wa namna hiyo anaweza kungoja, tena anaweza kusafiri. Wakamwuza Amerika, na mwaka 1953 wakapatana na Urusi ya Soviet: samaki kwa mafuta ya petroli. Hapo wakubwa walishtuka, kwani Islandi iliingia NATO, mapatano ya ulinzi ya nchi za Magharibi, tangu 1949. Mwenzao kutegemea petroli ya Wakomunisti! Mimi sidhani Warusi walinunua kwa huruma. Anayekununulia ili kumchukiza mwingine aweza kesho kukutafutia mwembe wake naye. Lakini siku zile walilipa.

Mwishoni shauri lilipelekwa Paris, kwa OEEC, chama cha nchi za Ulaya cha kusaidiana katika uchumi. Mwaka 1956 bandari za Uingereza zikafunguliwa tena, na mpaka wa maili 4 ukabaki pale pale. (Wakatoliki wa Uingereza nao walihitaji samaki wao wa Ijumaa.) Ugomvi ulirudi mara nyingine, kwa maili 12 mwaka 1958, 50 mwaka 1972, 200 mwaka 1975, hata manowari zikatumwa, mpaka mapatano ya 1976. Lakini mimi ninayoipenda ni ile ya kwanza, isiyokuwa na manowari.

Kwa mama pia ilifika siku moja ya kiangazi. Mchuuzi alikaa kama kawaida. Mama hakumtazama. Aliwamwaga ndakala wake juani, akawatandaza mchangani, akaanza kuwageuza polepole kwa ufagio. Saa tatu haijafika, yule mtu alizima tumbako yake, akaja mwenyewe kuuliza bei. Mama aliongeza franka mbili tu. Asante alisema yeye.