Bajeti ya Kuondoka Tunayo, ya Kufika Je?

Wiki iliyopita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu iliwekwa bajeti ya safari ya binti wa kaka yangu. Amehitimu ualimu pale Chuo Kikuu cha Mwenge, Moshi, amepata shule ya kufundisha Kiingereza Thailand, nchi ninayoishi mimi, na nyumbani Kibosho ni furaha tupu. Bajeti imepangwa vizuri: tiketi, viza, ukumbi, chakula, mbege na soda, ndafu, MC, mpiga picha, sare za kamati. Nimeisoma kutoka juu hadi chini, nikairudia. Hakuna mstari hata mmoja unaosema mtoto huyu atakula nini na atalala wapi akishatua Bangkok. Nimekasirika, na nimeona niseme, kwa sababu najua ukoo wetu hauko peke yake.

Kuaga tunajua. Mtu akipata safari Uchagani, hata jirani ambaye hamjasalimiana tangu Krismasi iliyopita atatoa kitu. Mwenyekiti wa kamati atapiga simu mpaka Mwanza na Dodoma kukumbusha ahadi. Siku yenyewe watapanda magari kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa KIA, mama akibeba ndizi za kukausha ambazo zitapimwa kilo zake mbele za watu. Halafu mlango wa abiria ukifungwa, kamati inavunjwa. Kazi imekwisha. Lakini kwa anayesafiri, matumizi makubwa ndiyo kwanza yanaanza.

Niwaeleze huku kulivyo. Siku ya kutafuta chumba, mama mwenye nyumba anakupandisha ghorofani, anakuonyesha kitanda, kabati, kiyoyozi na bomba la kuogea. Mkishuka, anachukua kikokotoo. Haongei Kiingereza na wewe Kithai hujui, kwa hiyo kikokotoo ndicho kinachozungumza. Anabonyeza kodi ya mwezi, tuseme baht 6,000. Anabonyeza mara mbili yake, hiyo ni dhamana. Anajumlisha, anakigeuza kioo kikuelekee: 18,000. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni moja na robo, na anaitaka kabla hujapewa ufunguo. Umeme utaulipa kwa uniti kila mwezi, maji vilevile, na kadi ya kufungulia mlango wa chini nayo ina dhamana yake.

Mtu wa Moshi hawezi kushangazwa na kulipa kodi kwa mkupuo. Sisi mwenye nyumba anataka miezi sita, mwingine mwaka mzima, na tunazipata. Tofauti ni kwamba nyumbani ukikwama unakwenda kulala kwa mjomba Majengo au unapanda zako mlimani kwenye kihamba, na ndizi hazikudai kitu. Huku hakuna mjomba. Dhamana utarudishiwa siku ya kuhama ukikiacha chumba kizima, ila hiyo ni hela ya mwakani. Leo haikununulii wali.

Mshahara nao una ratiba yake. Mwaka wa shule huku unaanza katikati ya Mei na kumalizika Machi. Mwalimu mgeni anafika mwanzoni mwa Mei, mshahara unalipwa mwisho wa mwezi, na shule nyingine ukianza katikati ya mwezi zinakusukuma mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Hapo katikati kuna nauli ya pikipiki ya kwenda shule, sketi za heshima na viatu vya kufundishia, vocha ya simu, na chakula mara tatu kwa siku. Kuna kibali cha kazi, ambacho ada yake kwa mwaka ni baht 3,000, na kuongeza muda wa viza, baht 1,900. Shule nyingine zinalipia, nyingine zinakukata kwenye mshahara. Tena mikataba mingi ni ya miezi kumi, maana yake Machi na Aprili, wakati Wathai wanamwagiana maji barabarani kwa sikukuu ya Songkran, wewe huna mshahara. Haya yote yanajulikana kabla mtu hajapanda ndege. Yangeweza kuandikwa kwenye karatasi pale pale Kibosho.

Kwetu sisi bei ni kubwa kuliko ya wenzetu, na hili nalo linaniuma. Korea Kusini viza yake ya walimu wa lugha, kwa wa Kiingereza, kwa kawaida inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Huyo wa nchi saba akichukuliwa na mpango wa serikali wa kupeleka walimu kwenye shule za umma, anapewa chumba na posho ya kuanzia maisha juu yake. Mtanzania aliyesoma kidato cha kwanza mpaka chuo kikuu kwa Kiingereza hayumo. Ndiyo maana tunakuja Thailand, tukiwa na Wakameruni, Waganda na Wakenya, na hapa pia shule nyingi zinatudai cheti cha TOEIC chenye alama 600 kuthibitisha lugha tuliyofanyia mitihani maisha yetu yote. Ongeza pasipoti shilingi 150,000, cheti cha polisi cha tabia njema, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vyeti kugongwa mihuri, na ubalozi wa Thailand unaotuhudumia uko Nairobi. Mwenye njia ndefu ndiye anayehitaji akiba kubwa. Sisi tumemfungia ndafu.

Mwalimu mwenzangu hapa shuleni ni Mfilipino. Kwao mfanyakazi anayekwenda nje ni lazima ahudhurie semina ya serikali kabla ya kuondoka, na huko anaelezwa mkataba, haki zake na namna ya kutunza pesa. Yeye alipofika, Wafilipino wenzake walikuwa wameshamwandikia dhamana ni kiasi gani na mshahara wa kwanza unaingia lini, wakamlaza kwenye chumba chao mpaka alipolipwa. Nilimsikiliza nikaona wivu, wivu mzuri. Sisi tunachanga kuliko wao, naapa. Ila tunachangia upande mmoja wa bahari.

Na wanaokuja kwetu je? Nenda Shanty Town au Rau uwaone vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja kujitolea kufundisha Kiingereza shule za msingi. Mwingine ana miaka kumi na tisa na hajawahi kusimama mbele ya darasa. Lakini ana bima, ana tiketi ya kurudi, amelipia chumba na chakula cha miezi yote kabla hajatoka kwao, na kwenye simu ana jedwali la kila dola. Kwao waliuza keki na kukimbia mbio za hisani kuchangisha, kisha zile hela zikamfuata mpaka Moshi. Binti yetu ana shahada ya ualimu, na anatumwa na begi la kilo ishirini na tatu na video ya sherehe.

Msiniambie kwamba kupanga hela si kwetu. Babu zetu walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, chama kikuu cha ushirika KNCU kikafuata 1933, na kahawa ile ndiyo iliyosomesha mlima huu. Mkulima alipeleka kahawa, akapata malipo ya kwanza, akajua malipo ya pili yatakuja baada ya mnada. Ada ya mtoto ilisubiri malipo ya pili, na mzee hakuigusa kwa mbege. Hata serikali inalijua jambo hili. Mwalimu akipangiwa kituo kipya, anastahili hela ya kujikimu, kwa sababu mtu aliyefika ugenini lazima ale kabla mshahara haujaingia. Mwalimu anayepelekwa Namtumbo ana haki hiyo. Anayekwenda Thailand hana wa kumpa isipokuwa ukoo.

Mimi nilipoondoka, shangazi yangu anayeuza mitumba Kiboriloni hakutoa kitu ukumbini, na watu walimsema. Alikuja KIA, akanivuta pembeni, akanitia mkononi bahasha ya dola akaniambia, "Hii siyo ya nauli wala ya zawadi. Ni ya kula mpaka ulipwe." Shangazi hajawahi kupanda ndege. Ila miaka yote amefuata mzigo Holili na Taveta, na siku zote mtaji anauweka mfuko mmoja, nauli mfuko mwingine, hela ya chakula anaifunga kwenye kanga. Bahasha ile ndiyo iliyolipa chumba changu.

Nimeyaandika haya kwenye kundi. Kaka yangu amejibu kwamba bila sherehe hakuna atakayechanga; watu wanachangia wanachokiona, na dhamana ya chumba cha Thailand nani ataiona? Ana hoja. Isitoshe, wale wanaokula ndafu siku ile ndio watakaomzika mama wa binti na kumlelea mdogo wake, kwa hiyo sherehe nayo ni akiba ya namna yake. Hilo bado tunabishania, na shemeji ameingia upande wa kaka.

Hata hivyo, sherehe ikipungua mpiga picha na sare za kamati, mbege haitachacha. Kwa hiyo naomba wazi, kwa ukoo wangu na kwa yeyote mwenye kijana anayekwenda kufundisha ugenini: andikeni mstari wa kwanza kwenye bajeti, juu ya tiketi, useme hela ya kufikia. Pigeni hesabu ya kodi na dhamana, chakula cha siku sitini, nauli, mavazi ya kazi na ada za kibali. Mwambieni kijana amuulize mwajiri kwa maandishi nani analipia kibali na mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi. Mstari huo ukijaa ndipo muweke ukumbi. Na wewe ambaye umeshaahidi laki moja kwenye kadi, usiipeleke kwa mweka hazina. Mpe mwenyewe mkononi, au mtumie siku ya tatu akiwa kule.