Mwanangu Hajapona, Nami Nashuhudia

Mwanangu hajapona. Natanguliza hilo kwa sababu katika usharika wetu, kama katika makanisa mengi ninayoyajua, mtu husimama kushuhudia mambo yakiisha: kazi imepatikana, mimba imeshika, uvimbe umeyeyuka. Mimi nashuhudia katikati. Binti yangu ana selimundu. Leo atalala nayo, kesho ataamka nayo, na Yesu Kristo ni Bwana wa nyumba yetu.

Aliyelea mtoto wa namna hii ananielewa. Alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatembea vizuri. Macho yakaingia umanjano, damu ikawa inashuka, na maumivu ya mifupa yakaanza kumshika. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, kwake hujipinda kama mundu zikakwama kwenye mishipa midogo; pale damu isipofika ndipo panapouma. Baridi huamsha maumivu hayo, na Bukoba yetu ya mvua haikosi baridi. Malaria huyaamsha. Kiu huyaamsha. Mawingu yakitanda ziwani natafuta soksi zake. Usiku naamka kumshika paji la uso, na asubuhi, hata kabla hajaniamkia, nimeshamtazama macho.

Hofu hiyo niliificha. Kwenye jumuiya niliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba hofu na imani hazikai nyumba moja. Tena walikuwapo waliokazia. Mhubiri mmoja aliyepita kwetu alituambia tuache folik asidi na dawa zote, eti anayemeza dawa hajaamini. Upande wa mume wangu wakauliza nimeleta laana ya ukoo gani. Swali hilo ni la zamani, wanafunzi wa Yesu walimuuliza katika Yohana sura ya 9, wakitaka kujua dhambi ya nani imemfanya yule mtu azaliwe kipofu. Bwana alilikataa palepale. Sisi bado tunaliuliza sebuleni.

Kwetu aliyelijibu ni nesi wa kliniki. Alituketisha mimi na baba wa mtoto, akatuchorea kwenye karatasi: jeni moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba, na kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Mume wangu aliikunja karatasi ile, akaenda nayo kwa ndugu zake. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamume huyo kuliko nilivyowahi kumwambia mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, baada ya kazi aliyoifanya huku kwetu Afrika Mashariki, alionyesha kuwa aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Kumbe kile walichokiita laana kiliwavusha babu zetu wengi. Kwa nini Mungu ameacha kinga ya wale iwe mateso ya binti yangu, sielewi. Nimemuuliza na ninaendelea kumuuliza. Zaburi ya 88 huanza na kilio ikaishia gizani, bila shangwe yoyote mwishoni, na bado imo katika Biblia.

Badiliko langu lilikuja kwa mkono wa bibi yangu. Alikuwa mtu wa uamsho, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukavuka mpaka hadi kwetu Kagera. Wapendwa wale waliita maisha yao kutembea nuruni. Walikutana, wakasema dhambi zao wazi, wivu, uchawi, ndizi za jirani zilizokatwa usiku, kisha wakaimba juu ya damu ya Mwana-Kondoo. Bibi alikuja kunisaidia mtoto alipolazwa. Akanisikia nikiwaambia wageni waliofika wodini kwamba sina wasiwasi hata kidogo, Bwana ameshatenda. Walipoondoka akasema, "Mjukuu wangu, hapo umedanganya. Sisi tulisimama mbele za watu tukatubu wizi na uzinzi. Wewe unaogopa tu, nawe unaona haya?"

Jumamosi alfajiri, kwenye jumuiya, nikasimama. Nikasema naogopa mwanangu atakufa. Nikasema usiku mwingine sala yangu ni ile ya baba yule wa Marko sura ya 9, aliyeamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutoamini kwake, na zaidi ya hiyo sina. Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo mama mmoja muuza dagaa akaanza kusimulia kifafa cha mwanawe, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia miaka yote tuliyosali naye. Mzee wa kanisa akasema mguu wake una kidonda cha kisukari na anaogopa kukatwa. Siku ile tuliombeana kwa majina ya magonjwa yetu.

Tangu hapo damu ya binti yangu ikishuka siendi kubembeleza ndugu. Hospitali ikitaka watu wa kuchangia, wanajumuiya wanakwenda, na jirani yetu Mwislamu mara nyingi hutangulia kufika. Chupa anayotundikiwa mtoto hutoka kwenye akiba, huenda si ya yeyote ninayemjua. Lakini mimi niliyeimba damu ya Kristo tangu utotoni, sijawahi kuikaribia maana yake kama nilipoketi kando ya kitanda nikitazama damu ya mtu mwingine ikiingia tone kwa tone kwa mwanangu. Siku hizi anatumia dawa ya haidroksiurea pia, na maumivu hayamjii mara nyingi kama zamani. Bei yake tunaipata kwa kuungaunga. Nafuu hiyo nayo naihesabu kuwa jibu la Mungu, sawa na uponyaji ambao bado namwomba kila siku.

Hofu ingalipo. Kilichoondoka ni ule upweke wake, na kile kiburi cha kutaka nionekane shujaa wa imani.

Nilimwomba mchungaji wetu aweke selimundu katika mafundisho ya ndoa, wachumba wapime mapema. Wazee wengine walinuna, wakasema hayo ni ya hospitali. Mchungaji akakubali, akanipa mimi kulifundisha somo hilo. Hivi karibuni wachumba wawili walinifuata nyumbani na majibu yao: wote wamebeba jeni hiyo. Waliuliza waachane au wafunge ndoa. Sikuwaamulia. Niliwaeleza yote, gharama, usiku wa homa, furaha ya binti yangu akiwa mzima, kisha nikamwita mwenyewe aje awasalimie.