Simba Yupo Hai

Ushuhuda huu nimekaa nao moyoni muda mrefu, nikisita kuutoa kwa sababu unahusu mbwa. Lakini najua wapo wanaolia kimyakimya kwa ajili ya mnyama, wakiogopa kuchekwa. Nasema na ninyi.

Simba ni jina la utani. Ni mbwa mweupe wa manyoya marefu, aina ya Maltese, na hata akishiba hafiki kilo nne. Alikuwa hajatimiza mwaka. Tunaishi Arusha, na masika yale majani ya uani yalikuwa yameota haraka. Jumamosi alikimbizana na watoto mpaka giza likaingia. Jumapili tuliporudi kanisani hakuja mlangoni.

Nilimgusa, anachemka. Mume wangu akamtoa nje akojoe, kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa.

Sote tulidhani ni sumu ya panya, maana jirani alikuwa ameitega wiki hiyo. Mama mkwe, ambaye siku zote alikuwa hataki kuona mbwa ndani ya nyumba, ndiye aliyemfunga kwenye kitenge chake akasema, "Mnangoja nini? Twendeni."

Daktari wa mifugo alianza kwa kumfunua mdomo wa juu. Fizi, zinazotakiwa kuwa za waridi, zilikuwa nyeupe. Machoni kulikuwa na umanjano. Joto, nyuzi 41. Akamchoma kidogo ukingo wa sikio, akatandaza tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini. Baadaye akaniita nichungulie. Ndani ya chembe nyekundu za damu niliona vidoa vya zambarau, vimekaa viwiliviwili.

"Hivyo ndivyo vinavyommaliza, mama. Ni babesia. Homa ya kupe."

Akatueleza: kupe akinyonya huingiza vijidudu hivyo, navyo huingia ndani ya chembe za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Rangi ya damu iliyopasuka ndiyo ile tuliyoiona kwenye mkojo. Chembe nyekundu, ambazo kwa mbwa mzima huanzia asilimia 37 ya damu yote, kwa Simba zilikuwa 12. Na mbwa mdogo hana damu nyingi ya kupoteza.

Akapigwa sindano ya imidokabu. Mate yakaanza kumtiririka, akatapika. Nikapiga kelele. Daktari akasema dawa hiyo ndivyo ilivyo, lakini mbwa huyu anahitaji damu, tena usiku huu. Mume wangu akampigia kaka yake, ambaye ana German Shepherd mkubwa. Shemeji hakuuliza maswali mawili. Alisema, "Nakuja naye."

Tukangoja.

Simba akaacha kuinua kichwa. Nikaweka kidole puani. Anapumua. Nikaweka tena. Sikusikia kitu. Nikaweka tena. Binti yetu akauliza kama Yesu huponya mbwa. Baba yake akamjibu, "Si ndiye aliyemuumba?" Tukapiga magoti pale pale sakafuni. Mama mkwe akaomba kwa sauti, akimtaja Simba kwa jina. Sikuwa na maneno. Nilisema tu, Baba, Baba. Hata sasa nikiandika hapa tumbo linanikaza.

Shemeji alifika. Damu ikatolewa shingoni mwa yule mbwa mkubwa, aliyetulia kama anaelewa, ikaanza kuingia kwa Simba tone kwa tone. Alfajiri fizi zilikuwa na wekundu kwa mbali. Mchana akalamba mchuzi kwenye kidole cha mama mkwe.

Alirudi nyumbani, namshukuru Mungu. Siku hizi analala ndani, na hakuna anayelalamika. Dawa ya kupe hapati kwa kubahatisha tena, anapata kwa tarehe. Akilala sana mchana bado namfunua mdomo, naye ananing'akia.

Kwa hiyo wewe ambaye mbwa wako amekataa chakula leo, tazama fizi zake, tazama mkojo wake, pekua masikioni na katikati ya vidole. Fizi zikiwa nyeupe au mkojo ukiwa mweusi, usingoje kesho. Mpeleke, na umwombe daktari apime damu kwa hadubini. Na anayekwambia "si mbwa tu", mwombe akushikie mlango ukatoke.