Mstari wa Kulala na Mstari wa Kusimama

Watoto wetu wa shule hutuuliza: Katika grafu, kwa nini mstari wa x hulala na ule wa y husimama? Nani aliamuru hivyo?

Katika karne ya 14, huko Ufaransa, aliishi mwalimu Nicole Oresme, aliyefanywa askofu wa Lisieux mwaka 1377. Alitaka mwendo wa kitu uonekane kwa macho. Akalaza mstari mmoja kuwa muda. Juu yake akasimamisha mistari mingine, mrefu kwa mbio nyingi, mfupi kwa mbio chache. Mpaka leo muda hulazwa vivyo hivyo. Mwaka 1637 René Descartes, aliyesomeshwa na Wayezuiti, akaziweka herufi x, y na z kwa hesabu zisizojulikana, na a, b na c kwa zinazojulikana. Waliofuata wakayaunganisha hayo.

Basi, ni mapatano ya watu. Wachumi husimamisha bei na kulaza wingi wa mali, na hesabu yao haiharibiki. Lakini kila mtu akichora apendavyo, nani atasoma mchoro wa mwenzake?

Sisi katika ishara ya msalaba huanza bega la kushoto. Ndugu zetu Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki huanza la kuume. Msalaba ni mmoja.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, tusimjibu mtoto: Ndivyo ilivyo, nyamaza! Tumweleze. Asiyeelezwa, kesho atadhani desturi zetu ni amri za Mungu, au, vibaya zaidi, amri za Mungu ni desturi tu.