Namba Kubwa, Tundu Dogo

Sisi wakazi wa Mtoni tumeizoea geji tangu tulipoanza kuezeka nyumba zetu kwa bati. Hata kijana anayetumwa dukani anajua kuwa bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Wavuvi nao wanajua kwamba ndoano namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Namba inapanda, kitu kinapungua. Mtu akikosea hapo, hasara yake ni paa kuoza mapema au samaki kuponyoka. Lakini kuna bidhaa moja yenye hesabu hiyohiyo ya kinyumenyume ambayo ukiikosea, hasara yake ni mkono au jicho. Nayo ni risasi ya shotigani.

Mzee mmoja, jirani yangu, ana shamba la mihogo upande wa Mkuranga, na bunduki anayoimiliki kwa kibali kwa sababu ya nguruwe mwitu. Siku moja aliniuliza: "Mwanangu, risasi za 12 zimeadimika. Nikipata za 20, si ndiyo nguvu zaidi?"

Nikamwambia: "Hapana, mzee wangu. Ya 20 ni ndogo kuliko ya 12, na katika bunduki yako ni hatari."

Sikumcheka. Swali lilikuwa la mtu mwenye akili timamu. Kilichopotoka ni jina.

Jina hilo lilitoka Ulaya, zama ambazo mtutu ulipimwa kwa uzito. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, uigawe kuwa matufe 12 yaliyo sawa. Mtutu unaoenea tufe moja kati ya hayo ndio unaoitwa 12, na upana wake ni milimita 18.5. Ukiigawa ratili hiyo mara 20, matufe yanakuwa madogo, na mtutu unakuwa wa milimita 15.6. Ukiigawa mara 28, unapata milimita 14. Kiswahili kimetuhifadhia asili hiyo bila sisi kujua, maana kwetu madini na kinachotoka bundukini vyote ni risasi.

Laiti mambo yangeishia hapo! Risasi ndogo zaidi zinazojulikana sana zinaitwa 410, na hapo hesabu ya ratili imeachwa kabisa. Hiyo 410 ni sehemu za elfu za inchi, kama milimita 10.4. Kwa hesabu ya ratili ingeitwa 67 au 68. Tena Ulaya risasi hiyohiyo huandikwa 36, ilhali mtutu wa 36 wa kweli ungekuwa na karibu milimita 12.8. Halafu zipo nyingine ndogo za milimita 9, zinazotajwa kwa milimita tu. Vipimo vitatu, kabati moja.

Je, ubaya uko wapi? Risasi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 haikai mahali pake. Huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu, mtu asiione. Akidhani bunduki ni tupu, hutia ya 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa mbele. Ndiyo maana viwanda vingi huzipa za 20 rangi ya manjano, ili jicho lizuie pale namba inapodanganya.

Urefu nao una mtego wake. Risasi ya 410 ya inchi 3 inaweza kuingia katika bunduki iliyotengenezwa kwa inchi 2 na nusu, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, nao hukunjuka inapofyatuliwa. Kuingia, basi, si kufaa.

Aliye na bunduki na asome yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha asome yaliyoandikwa kwenye risasi yenyewe, namba na urefu, na vifanane. Asiridhike na sanduku, wala na neno la mwenziwe.

Watu wengi hufa kwa kuona haya kuuliza jambo linaloonekana dogo. Namba haina haya. Husimama pale ilipoandikwa, ikimaanisha ilichokusudiwa na watu waliokwisha kufa zamani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani kwamba kila kikubwa kwa jina ni kikubwa kwa kimo.